Bahasha Iliyofungwa kwa Utomvu

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida ilikuwa ya Jumamosi. Unaisi aliishi zaidi ya miezi tisa baada ya hiyo, lakini mumewe Inoke akizihesabu asubuhi za kawaida, anaishia hapo.

Mvua ya Suva, huku Fiji, ilikuwa imekatika alfajiri na bati lilikuwa bado linadondosha matone. Unaisi alichemsha muhogo, akamwaga maji, akairudisha sufuria motoni kidogo ili muhogo ukauke na kupasuka, kwa sababu ndivyo Inoke alivyoupenda. Wakala mkekani, mlango wazi, na chai ya majani ya mlimau.

"Jana nimemtoa mpwa wako," Unaisi alisema.

"Kumtoa wapi?"

"Kwenye orodha. Kahamishiwa bohari. Kazi ya kituo cha afya si yake tena, na mlango wa kumbukumbu za wagonjwa si wake tena."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia aandike ombi kama ana kitu chake ndani. Kanuna."

"Kitione ni vasu wangu, bibie. Mtoto wa dada yangu haombi, huchukua."

"Haombi nguruwe wako, mzee. Haombi mikeka yako. Magonjwa ya watu ataomba."

Inoke alicheka na muhogo mdomoni. Unaisi akachukua kikapu na mwavuli, akaenda sokoni kutafuta samaki na majani ya magimbi. Mlangoni aligeuka akasema, "Usiumalize muhogo." Basi. Hakuna zaidi.

*

Unaisi alizaliwa kisiwani Koro, mtoto wa mpishi wa meli. Akiwa na miaka kumi na minane alikaa kwenye mitambo ya simu ya posta, akichomeka nyaya, akiunganisha watu bila kusikiliza wanachosema. Wenzake walisikiliza, yeye hapana. Mitambo ile ilipokufa akapata kazi ya kupiga chapa kwenye kampuni ndogo pale karibu na gati, inayotunza kumbukumbu za vituo vya afya vya visiwani. Kisha kumbukumbu zikahamishiwa kwenye wingu, yaani kwenye mashine za mbali ambazo hakuna mtu Suva aliyewahi kuziona. Vijana waliosoma waliliogopa jambo lile. Unaisi, mwenye miaka hamsini na miwili, akasogeza kiti karibu na wafundishaji, akauliza hadi wakachoka.

Ndivyo alivyokuwa mtunza milango ya wingu lile, anayeamua nani aingie wapi. Akaunti zilikuwa kumi na moja: za vituo, za boti za dawa, za mishahara, na nyinginezo. Inoke hakupita darasa la tatu. Alikuwa fundi wa boti. Siku moja alimuuliza mkewe kwa nini wasiwe na akaunti moja, wapumzike.

"Boti lako la mwisho ulilijengea vyumba vingapi tumboni?" Unaisi akamuuliza.

"Vinne."

"Kwa nini si kimoja?"

"Kikitoboka chumba kimoja, maji yaishie hapo."

"Umeshajibu," akasema, akaendelea kukata kitunguu.

Inoke aliielewa kazi ya mkewe tangu siku hiyo, na ndiyo maana baadaye hakuweza kujitetea kwamba hakujua.

Kila Ijumaa Unaisi alipitia majina yote, akaunti kwa akaunti. Kwa kila jina alijiuliza: huyu bado anafanya kazi hii? Kama hapana, alimtoa. Kama ndiyo, alitazama ana ruhusa ipi, na kama ni kubwa kuliko kazi yake, aliipunguza. Yeye mwenyewe alikuwa na majina mawili, dogo la kila siku na kubwa la kazi kubwa, na lile kubwa hakulitumia hata kusoma barua. Bosi wake, bwana Shalendra, aliwahi kuomba ruhusa kubwa ya saa mbili atazame taarifa fulani. Akapewa. Saa mbili zilipokwisha, sauti yake ikasikika korido nzima.

"Unaisi! Umenifungia nikiwa katikati ya mstari!"

"Uliandika mbili, bwana. Ungeandika tatu."

Ofisini walicheka. Mtaani hawakucheka hivyo. Kwetu mtu akikuomba, unatoa. Ukimnyima, watoto wako watasimuliwa uchoyo wako. Na Unaisi aliwanyima wakwe, majirani, hata shemasi wa kanisa aliyetaka kujua mkewe kapimwa nini. Walimwita Mama Kufuli. Alasiri, wanaume wakikaa kwenye bakuli la yaqona, kinywaji cha mizizi, watani wa Inoke walimwanza.

"Inoke, usiku unaingiaje chumbani? Unaandika ombi?"

"Ana neno la siri huyu."

"Wapi! Kasahau tangu harusi."

"Naingia kwa alama ya kidole," Inoke alijibu, wakaangua kicheko, na yeye akacheka. Lakini lilimchoma. Alirudi nyumbani akimwonea haya mke wake, mke asiyefanya kosa lolote. Hiyo ilikuwa aibu ya kwanza, aibu ya kijinga, nayo ndiyo iliyoizaa ya pili.

*

Nyumbani kwao kulikuwa na bahasha.

Ndani yake kulikuwa na karatasi yenye maneno marefu ya siri, na kifunguo cha chuma kisichozidi ukucha wa dole gumba, cha kuchomeka kwenye kompyuta. Viwili hivyo pamoja vilifungua akaunti mama, yenye nguvu juu ya zote kumi na moja. Zilikuwa bahasha mbili. Moja ilikaa kwenye sefu ofisini. Ya pili ilikaa kwa Unaisi, kwa kuwa ofisi iko ufukweni na kimbunga kimoja kiliwahi kuijaza maji hadi madirishani, na nyumba yao iko kilimani. Juu ya mfuniko wa bahasha walitia sahihi yeye na bwana Shalendra, wino ukivuka maungio. Iliwekwa ndani ya sanduku la nguo ambalo Inoke alilichonga mwenyewe. Mumewe alionyeshwa ilipo, endapo kimbunga kitakuja na Unaisi hayupo. Kila baada ya miezi mitatu aliitoa, akaitazama mistari ya wino, akairudisha.

Jumamosi ile haikupita nusu saa tangu Unaisi atoke, Kitione akaingia. Hakupiga hodi. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne, mwenye watoto, na begani alibeba laptopu.

"Mjomba, hujafa tu?"

"Nakusubiri unizike. Muhogo upo."

Kitione akala vipande vitatu amesimama. "Mkaza mjomba yuko?"

"Sokoni."

"Afadhali. Mkeo kanifungia nje, mjomba. Ripoti zangu za miaka minne ziko mle. Jumatatu nina usaili wa kazi Nadi. Wakiniuliza nimefanya nini nitawaonyesha viganja?"

"Kakwambia uandike ombi."

"Litasomwa Jumanne hilo." Akashusha sauti, ingawa nyumba ilikuwa na watu wawili tu. "Kuna bahasha. Kazini kila mtu anajua iko kwenu."

"Hiyo si yangu."

"Sanduku la nani?"

"Langu."

"Basi, mjomba." Akatabasamu. "Nguruwe wako niliwahi kukuuliza? Mtumbwi wako nilikaa nao mwezi mzima, ulinung'unika?"

"Uliurudisha umepasuka."

"Lakini hukunung'unika."

Inoke angeweza kusema hapana. Neno lenyewe si zito. Lakini katika miaka yake sitini na tisa hakuwahi kumwambia mtoto wa dada neno hilo, wala baba yake hakuwahi, na mdomo wake haukuwa na njia ya kulipitisha. Palikuwa na jingine pia, alilolikiri moyoni baadaye sana: alitaka, kwa asubuhi moja, awe mwanamume ambaye nyumba yake inafunguka.

Akainua mfuniko wa sanduku.

Kitione aliishika bahasha juu ya mvuke wa birika hadi gundi ikalegea, wino haukuguswa. "Tulia, mjomba. Sitagusa cha mtu." Akakaa na laptopu yake. Inoke akasimama mlangoni kuangalia njia, akimchungulia mke wake mwenyewe kama mwizi anavyomchungulia mwenye nyumba. Mwavuli wowote mweusi uliotokea kwenye kona ulimrudisha ndani hatua moja.

Walipomaliza, mfuniko haukushika tena. Inoke akachukua kisu, akaenda kwenye mshelisheli ulio nyuma ya jiko, akachanja gome. Utomvu ukatoka mweupe. Maisha yake yote aliziba boti kwa utomvu ule. Akaupaka mwembamba kwa ncha ya kijiti, akalinganisha mistari ya sahihi, akaiweka bahasha chini ya Biblia ikandamizwe.

"Kazi safi," Kitione alisema.

Ilikuwa safi kweli. Inoke hakuwahi kuharibu maungio.

Unaisi akarudi na samaki. "Nani kamaliza muhogo?"

"Kitione kapita."

"Kasemaje?"

"Kala, kaondoka."

*

Kazi ya Nadi Kitione hakuipata.

Hakuwa mwizi, hilo lisemwe. Alikuwa na haraka. Badala ya kuchukua faili zake moja moja, alilifungua kabati zima la faili za kituo chake cha zamani cha kisiwani kwa yeyote mwenye kiungo cha mtandaoni, akawatumia rafiki zake watatu kiungo hicho wamsaidie kupanga ripoti. Kisha akasahau kulifunga. Kiungo kikapita simu hadi simu. Wiki ya sita, watu wa kisiwa kile walikuwa wanasomeana magonjwa dukani. Mama mmoja wa watoto wanne alisomewa ugonjwa wake mbele ya mizani ya sukari. Akapanda boti iliyofuata na hakurudi.

Jumanne habari zilipofika ofisini, Unaisi alikuja nyumbani adhuhuri, jambo ambalo halijawahi kutokea. Inoke alikuwa barazani anaranda kasia. Mkewe alipita bila kuvua viatu vizuri, akafungua sanduku, akaitoa bahasha, akaenda nayo dirishani. Mistari ya wino ilikuwa sawasawa. Lakini utomvu wa mshelisheli, ukikaa, hugeuka rangi ya chai. Aliinusa.

Kisha akamtazama mumewe kupitia dirisha. Inoke akaendelea kuranda. Aliranda pale ambapo palikuwa pameshalainika.

"Mzee," Unaisi alisema, "chai ipo?"

"Ipo."

Alikunywa kikombe kimoja, akaiweka bahasha kwenye mkoba, akarudi kazini.

Bahasha ya sefu ilikuwa haijaguswa, na mashine huandika kila ufunguo uliotumika, siku na saa. Hapakuwa na la kubishana. Unaisi alikiri kwamba ni ufunguo wake. Kesho yake alipewa kazi ya mwisho ya cheo chake: kujitoa mwenyewe. Mereoni, msaidizi wake aliyerithi nafasi, alikaa pembeni. Unaisi akaingia akaunti ya kwanza, akatafuta jina lake, akalitoa. Ya pili, akalitoa. Alipofika ya kumi na moja alirudi ya kwanza kuhakikisha, kama kila Ijumaa, akamwambia Mereoni, "Na lile jina dogo pia. Watu husahau lile dogo."

Wakamweka mapokezi, kujibu simu. Kichwa chake alikibeba vilevile. Ila kwenye kwaya ya kanisa alihamia safu ya nyuma, akisema macho yake hayaoni vizuri mbele, na Inoke alijua macho hayana neno.

Miezi minane. Kila jioni baada ya kula Unaisi alikaa, mikono magotini, bila kuanza wimbo, bila kuchukua ushonaji. Alikuwa anamwachia nafasi. Inoke aliiona nafasi hiyo wazi kama mlango, na kila jioni aliinuka kwenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Alijiambia atasema Jumapili. Jumapili zikapita thelathini na kitu.

Kisha moyo wa Unaisi ukasimama asubuhi moja akianika shuka. Inoke alisikia kibanio kikianguka.

*

Msibani Kitione alileta mikeka mingi kuliko wote na alilia kuliko wote. Bwana Shalendra alisema maneno machache: miaka ishirini na sita ya kazi, mtu mwaminifu. Juu ya funguo hakusema. Jeneza likishushwa, mwanamke mmoja nyuma ya Inoke alimnong'oneza mwenzake, si kwa ubaya hata, kama mtu anayekumbusha: "Ndiye aliyetoa siri za watu."

Siku mia moja Inoke alitembea na sentensi hiyo. Ilikula naye, ikalala naye.

Mwisho akamwita Kitione.

"Ijumaa naenda ofisini kusema."

"Kusema nini, mjomba? Ameshapumzika."

"Yeye kapumzika. Jina lake bado liko kazini."

"Nina watoto watatu."

"Sitakutaja."

"Hutahitaji," Kitione alisema, akatazama chini. "Ukisema umetoa, nani asiyejua ulimtolea nani?"

Ilikuwa kweli.

Ijumaa asubuhi alivaa sulu nyeusi, shuka ya kufunga kiunoni, na shati la msiba. Alibeba jino la nyangumi, ambalo kwetu ndilo la kuombea jambo zito, moja ya yale yaliyoletwa msibani kwa ajili ya Unaisi, limefungwa kamba, kubwa na la zamani, rangi ya asali. Ofisini waliacha kuandika. Akakaa chini sakafuni, miguu imekunjwa, akaliinua jino kwa mikono miwili. Wafanyakazi wakainuka kwenye viti, wakashuka sakafuni mmoja mmoja, hata Mereoni. Bwana Shalendra alibaki amesimama kidogo, hajui aweke wapi miguu, kisha naye akashuka, magoti yakalia.

Mlango ukafunguka nyuma. Mtu akaingia akiinama, akaketi nyuma ya bega la Inoke. Hakuhitaji kugeuka. Aliisikia pumzi ya Kitione.

"Sina maneno mengi," Inoke alisema. "Bahasha haikufunguliwa na mke wangu. Niliitoa mimi sandukuni. Niliifunga mimi tena, kwa utomvu. Alikuja kuitazama, mimi nikiwa barazani, na sikusema. Aliketi nami miezi minane, na sikusema. Kazikwa na kosa langu. Naliomba jina lake kwenu. Mimi siombi kitu."

Hakuna aliyeuliza alimtolea nani. Nyuma yake Kitione alifungua mdomo, sauti ikatoka ndogo:

"Ni mimi niliyemwomba."

Mereoni alikuwa anafuta macho kwa kiganja. Bwana Shalendra akalipokea jino kwa mikono miwili, kombo kidogo. Wanaume wakapiga makofi ya heshima, yale mazito ya viganja vilivyokunjwa kama kikombe, na Inoke akainamisha kichwa hadi paji karibu liguse sakafu. Alidhani sasa aibu ingepungua.

"Mzee Inoke," bwana Shalendra alisema, "mimi nilijua."

Inoke akainua kichwa.

"Aliniambia Jumanne ileile. Akaniomba ukurasa wa maelezo yake niufungie, nisome mimi tu. Nikamwambia, mama, watu watakufikiria vibaya. Akasema hilo ni juu yake." Akainuka, akaenda chumbani mwake, akarudi na karatasi moja. "Nadhani sasa una ruhusa."

Inoke aliitazama karatasi. Herufi zilikuwa nyingi na macho yake yalikuwa na maji.

"Nisomee," alisema. "Polepole."

Bwana Shalendra akavaa miwani. Alisoma tarehe, akasoma swali lake mwenyewe, nani aliitoa bahasha, kisha akasoma jibu la Unaisi kama lilivyoandikwa siku ile:

"Andika jina langu. Nilimwachia mume wangu bahasha, sikumwachia ruhusa ya kukataa."